Naweza kumkumbuka Mungu msumeno ukiwa unazunguka?

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni kijana wa miaka 26, nafanya kibarua kwenye dingdong (mashine ya kupasulia mbao) huku Mufindi, tunapasua magogo ya paini. Mwanzoni mwa mwaka tulifundishwa kanisani kwamba Mkristo wa kweli anaomba bila kukoma na anatembea na Mungu kila dakika. Nikaamua na mimi nianze. Mashine ikiwaka naanza kusema moyoni 'Bwana uko nami, Bwana uko nami'. Mara nyingi nasahau, nakuja kukumbuka jioni tunapozima, na hapo najisikia vibaya sana, kama mtu aliyemkana Bwana. Nikijilazimisha nisisahau, kazi inaharibika. Wiki iliyopita nilisukuma gogo vibaya likaruka, mwenzangu anayepokea upande wa pili akanusurika. Sasa nimeingiwa na hofu: nisipoomba vizuri asubuhi naona kama msumeno utanikata siku hiyo, kwa hiyo narudia sala mpaka niridhike, mpaka nachelewa kazini. Mama yangu yeye anaimba tu shambani wala hahangaiki. Jambo lingine, bosi anatuagiza tupasue mbao pungufu, na nikiwa napasua hizo ndiyo siwezi kuomba kabisa. Ijumaa naenda mkesha, Jumamosi nashika kazi kama kawaida. Je, kumkumbuka Mungu kazini kunawezekana kwa mtu wa kazi kama yangu, au ni kwa wachungaji na masista tu?"

Marahaba mwanangu. Nakushukuru kwa kuandika wazi namna hii, hasa kwa kulitaja lile gogo lililoruka, maana ungeweza kulificha. Nitakujibu kwa kirefu, lakini kuna neno moja lazima litangulie.

Kuanzia kesho, gogo likiwa mezani na msumeno unazunguka, usirudie sala yoyote moyoni. Acha kabisa. Macho yako yawe kwenye gogo, masikio kwenye mlio wa mashine, akili kwa mwenzako aliyesimama upande wa pili. Nakuambia hivi kama mchungaji, tena nina uhakika nao: katika dakika hizo Mungu hakudai maneno. Anakudai mkono wa mwenzako urudi nyumbani mzima. Amri ya kumpenda jirani haisimami injini inapowaka, na jirani yako wa karibu kabisa saa hiyo ni yule anayepokea mbao. Ukimwangalia yeye na kuuangalia msumeno kwa moyo wote, humwachi Mungu hata kidogo.

Sasa tuje kwenye hofu yako ya kukatwa. Umeandika kwamba usipoomba vizuri unaona msumeno utakukata. Hapo sala imeanza kugeuka kitu kingine, na babu zetu kote Uhehe na Unyakyusa walikijua vizuri: hirizi. Hirizi ni kitu unachokivaa sawasawa ili kikulinde, na ukikivaa vibaya kinakuacha. Sala haifanyi kazi hivyo. Mungu tunayemwomba kwa jina la Yesu ni Baba, na Yesu mwenyewe alisema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba, akakataza kupayukapayuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikiwa. Soma Mathayo 6 polepole. Kinachokukata kwenye msumeno kinajulikana: usingizi, meno butu, gogo lenye mafundo au lililopinda likisukumwa kwa pupa, shati linaloning'inia, mtu kuinama kuondoa banzi mashine ikiwa inazunguka. Mpendwa aliyekesha akiomba anaweza kukatwa, na mlevi akapona siku hiyo. Omba ulinzi asubuhi, ndiyo, omba mara moja kama mtoto anavyoomba kwa mzazi, kisha ukaangalie kama mkanda umekaa vizuri na kama meno yamenolewa. Hayo yote mawili ni utii.

Tuje kwenye fundisho lenyewe. Maneno "ombeni bila kukoma" yako katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 5. Watu wengi huyachukua peke yake, wakayabeba kama mzigo wa gunia. Lakini waraka uleule, sura ya 2, Paulo anawakumbusha kwamba alipokuwa kwao alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu yeyote. Na sura ya 4 anawaagiza watulie, wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe. Paulo alikuwa fundi mahema. Matendo 18 inasema hivyo. Kutoboa ngozi au turubai kwa sindano siku nzima kunataka macho. Kwa hiyo mtu aliyeandika "bila kukoma" alikuwa kibarua wa mikono, akiwaandikia vibarua wa mikono, na hakuona kwamba agizo moja linalipinga lingine. Kama angekuwa na maana ya kusema maneno ya sala kila dakika, yeye wa kwanza asingeweza kushona hema hata moja.

Alikuwa na maana gani basi? Fikiria baba wa Uyole anayepalilia viazi tangu alfajiri ili watoto wake waende shule. Katikati ya mistari hawazi watoto kila dakika. Anawaza jembe, anawaza magugu, anawaza mvua inayokuja kutoka upande wa Mlima Mbeya. Ukimsimamisha ghafla ukamuuliza, "Unamfanyia nani kazi hii?", hatasitasita. Watoto wamo ndani ya kila jembe analopiga, hata pale asipowataja. Nia aliyotoka nayo nyumbani haijafa kwa sababu tu akili ilikuwa kwenye udongo. Itakufa akikata shauri lingine, akaamua kwamba fedha ya viazi ni ya pombe. Hivyo ndivyo kazi ya siku nzima inavyoweza kuwa ya Mungu. Unamkabidhi asubuhi, unageuka kwake kila upatapo nafasi, na katikati yake unafanya kazi.

Nadhani kilichokuchosha ni kwamba umefunga mambo matatu katika kifurushi kimoja, na inafaa tuyafungue.

La kwanza ni Mungu kuwapo. Hili halikutegemei wewe. Zaburi ya 139 inauliza, "Niende wapi nijiepushe na roho yako? Niende wapi niukimbie uso wako?" Mtunga zaburi hakukuta mahali. Na Yakobo alilala njiani, kichwa juu ya jiwe, bila ibada yoyote, alipoamka alisema, "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Mungu alikuwapo wakati Yakobo hajui. Basi saa zote unazosahau, kuanzia asubuhi hadi jioni, hakuna hata moja ambayo yeye aliondoka.

La pili ni wewe kukumbuka kwamba yupo. Hili ndilo linalofundishika, na ndilo nitakalolizungumza zaidi.

La tatu ni kuhisi kwamba yupo: ule utulivu, machozi, joto la moyoni. Hili ni zawadi. Linakuja na kuondoka, linategemea hata kama umekula na umelala. Usilitafute kazini, na likija usilikamate kwa nguvu. Wapo waumini waliokaa miaka bila kuhisi chochote na imani yao ikawa imara kama mti wa mninga.

Turudi kwenye lile la pili, kwa sababu kuna sababu ya kawaida kabisa inayofanya usahau, na si ukengeufu. Akili ya binadamu haiwezi kushika kwa ukamilifu mambo mawili yanayodai umakini kwa wakati mmoja. Unaweza kutembea huku unaongea kwa sababu kutembea kumekuwa mazoea, miguu inajiendesha. Kusukuma gogo sivyo, maana kila gogo lina fundo lake, mpindo wake, utomvu wake. Maneno unayoyatunga moyoni yanachota kwenye kisima kilekile unachochota umakini wa kuliona fundo. Ndiyo maana ukishika sala unapoteza gogo, na ukishika gogo unapoteza sala. Tena wewe uliongeza kazi ya tatu bila kujua: ulikuwa unajichunguza kila mara, "Je, bado nakumbuka? Je, nimesahau?" Hapo macho hayako kwa Mungu wala kwenye gogo, yako kwako mwenyewe. Kujitazama unavyoomba kunachosha kuliko kuomba.

Mama yako anaimba shambani bila shida, na wewe umemwona kama amekuzidi kiroho. Huenda amekuzidi, simfahamu. Lakini kumbuka pia kwamba kupalilia mahindi ni kazi ambayo mikono yake imeifanya tangu utotoni. Akili yake iko huru, na wimbo anaujua kwa moyo. Mkabidhi mama huyo dingdong yako kwa asubuhi moja, uone kama ataimba. Kila kazi ina mlango wake wa sala. Mchuma chai wa Rungwe au wa Mufindi anaomba vidole vikiwa vinachuma. Dereva wa lori anayeshuka Kitonga hapaswi kufumba macho wala kuinua mikono. Sala yake ni breki na gia. Akishafika Mtandika, barabara ikanyooka, hapo atashukuru. Muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto anaomba kabla ya kushika sindano na baada ya kuitoa. Usichukue mlango wa kazi ya mwingine ukalazimisha uingie kwenye ya kwako.

Umeuliza kama jambo hili ni la wachungaji na masista tu. Hapana, na mtu anayejulikana sana kwa kulifanya alikuwa mpishi. Aliitwa Nicolas Herman, Mfaransa wa Lorraine, karne ya 17. Alikuwa askari, akajeruhiwa vitani, akabaki akichechemea maisha yake yote. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli jijini Paris, akapewa jina la Ndugu Laurent wa Ufufuko. Hakuwa padre. Walimweka jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, akaifanya miaka mingi. Baadaye akapelekwa kutengeneza makubazi ya watawa. Walimtuma hata kununua mvinyo mbali, na kwa kilema chake alilazimika kujiviringisha juu ya mapipa ili asogee ndani ya mashua. Katika kelele za sufuria aliishi na Mungu kiasi kwamba watu wakubwa walimfuata wamuulize siri. Alikufa mwaka 1691.

Nakutajia mambo yake mawili tu. Moja, hakuwa na sala ngumu. Aligeuza mayai kwenye kikaango kwa kumpenda Mungu, akaokota unyasi chini kwa kumpenda Mungu. Alikuwa anaifanya kazi yenyewe kwa ajili yake. La pili linakuhusu wewe zaidi: alikiri kwamba miaka kama kumi ya mwanzo aliteseka sana katika jambo hili. Kumi! Wewe umeanza mwanzoni mwa mwaka huu na tayari umejihukumu kuwa umemkana Bwana. Na alipokosea au kusahau, hakukaa kuomboleza. Alimwambia Mungu kwa ufupi kwamba akiachwa peke yake ndivyo atakavyokuwa siku zote, akaomba ashikwe mkono, kisha akaendelea na kazi bila kulifikiria tena.

Hilo la mwisho ndilo ningependa ulishike kwa nguvu kuliko mengine yote. Ukikumbuka jioni kwamba umesahau tangu asubuhi, kile kukumbuka chenyewe ni nini? Ni Roho wa Mungu amekugusa bega. Wewe unakichukua kama hati ya mashtaka, wakati ni mwaliko. Sema, "Baba, nimerudi," basi. Usimwongezee maelezo. Kadiri kurudi kunavyokuwa kwepesi na kwa furaha, ndivyo utakavyorudi mara nyingi zaidi. Mtu anayejipiga kila akikumbuka, akili yake inajifunza kukwepa kukumbuka, kwa sababu hakuna mtu anayependa kurudi mahali anapochapwa.

Sasa ufanye nini Jumatatu? Kazi yako ina nafasi nyingi kuliko unavyodhani, ila ziko kati ya gogo na gogo. Kuna muda wa kuviringisha gogo jipya kuelekea mezani. Kuna kubeba mabanzi kuyatupa. Kuna kupanga mbao zikauke, kazi ndefu ambayo mikono inaijua. Kuna kunoa meno, mashine imezimwa na pako kimya. Kuna kujaza dizeli, chai ya saa nne, na kutembea kwenda na kurudi. Chagua mbili tu. Usichague tano, nakuomba. Ningekuwa mimi ningechagua kunoa msumeno na kupanga mbao, kwa sababu zote mbili ni salama na zinajirudia kila siku. Mazoea hushikamana na kitu unachokiona na mahali ulipo; nia njema peke yake hupotea kabla ya saa tatu asubuhi. Ukishika tupa, tupa ikukumbushe. Baada ya muda hutahitaji kujikumbusha, mkono ukigusa tupa moyo utageuka wenyewe.

Na useme nini hapo? Kifupi. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme, akaulizwa swali la hatari mbele ya kiti cha enzi, na maandiko yanasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni. Nikamwambia mfalme." Kati ya sentensi hizo mbili hapakuwa na nafasi ya kufumba macho. Watawa wa jangwa la Misri katika karne za mwanzo walishika mstari mmoja wa Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima," wakaubeba kila mahali, kwenye njaa, kwenye hasira, kwenye usingizi. Hata hilo lako la "Bwana uko nami" ni zuri, halina kosa lolote. Ulilitumia tu mahali pasipolifaa. Liseme mara moja ukiwa unanoa, ulimaanishe, kisha unyamaze. Hesabu haina maana hapa.

Kuimba nako ni kuzuri wakati wa kupanga mbao, na kwa tabia yako ya kujichunguza nadhani kutakufaa kuliko kurudiarudia maneno, kwa kuwa wimbo unakubeba badala ya wewe kuubeba. Kuhusu kuweka mahubiri masikioni kwa simu, vijana wengi wa mashine wananiuliza. Kwenye msumeno, kataa kabisa. Masikio yako ni ulinzi, na mlio wa mashine ukibadilika lazima uusikie. Hata mbali na msumeno, kusikiliza mahubiri siku nzima kunaweza kukunyima hata ule ukimya mdogo ambamo wewe mwenyewe ungezungumza na Mungu. Sikiliza ukiwa nyumbani unapika.

Nimefika kwenye zile mbao pungufu. Umeliandika jambo hili karibu na mwisho, kama kitu cha pembeni, lakini nimelisoma mara nyingi kuliko mengine. Unasema ukipasua hizo huwezi kuomba kabisa. Mwanangu, hapo hujashindwa kumkumbuka Mungu. Hapo ndipo unapomkumbuka kuliko saa nyingine yoyote, na ndiyo maana inauma. Mithali 11 inaanza hivi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Tepu yako ya kupimia ni mizani.

Tuwe waadilifu kwa bosi pia. Mbao mbichi ya paini husinyaa ikikauka, na ikirandwa hupungua tena, kwa hiyo si kila mbao isiyofika kipimo ni wizi. Kama mnunuzi anajua anachonunua na bei inalingana, hakuna hadaa. Lakini kama inapasuliwa makusudi iwe nyembamba, ikauzwa kwa jina na bei ya mbili kwa nne kamili, kwa mama anayejenga nyumba kwa kudunduliza ambaye hana tepu, huo ni udanganyifu, na mikono yako imo. Sikuambii uache kazi kesho. Najua kibarua kinavyopatikana kwa shida, na najua una watu nyuma yako. Anza kwa kuzungumza naye peke yake, wakati mzuri, mashine ikiwa imezimwa, kwa heshima: "Bosi, wateja wanaanza kulalamika, tukizipima sawasawa tutawashika." Ukiulizwa na mteja kipimo, usiseme uongo, hata kama hukutangaza ukweli kwa kipaza sauti. Weka akiba kidogo, sikilizia kazi kwenye mashine nyingine, Mafinga hakukosi mashine. Ikifika mahali unalazimishwa kudanganya kwa kinywa chako mwenyewe, hapo utajua la kufanya, na kanisa lako linapaswa kukusaidia kula wakati unatafuta kwingine. Ukilinyamazia hili, hakuna mbinu yoyote ya sala niliyokutajia itakayofanya kazi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi wetu huku Nyanda za Juu tumelirithi bila kujua, na linaweza kukupunguzia mzigo. Paulo hakumwandikia mtu mmoja aombe bila kukoma. Aliliandikia kanisa zima. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walitoka katika jumuiya iliyoelewa hilo vizuri. Agosti 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku, kila mmoja akashika saa yake, mchana na usiku, na zamu hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyeomba saa zote. Wakulima, wafumaji na mafundi walifanya kazi zao wakijua kwamba saa hii, fulani anaomba. Mwaka uliofuata wakaanza kupeana mstari mmoja wa Biblia kwa kila siku, wautembee nao kazini. Hadi leo mstari wa siku unasomwa na Wamoravian na Walutheri katika nyumba nyingi za mikoa yetu. Na walipotuma wamisionari wao wa kwanza mwaka 1732, kwenda kisiwa cha St. Thomas kule Karibi, mmoja alikuwa mfinyanzi na mwingine seremala.

Kwa hiyo zungumza na vijana wenzako watatu au wanne wa kanisani, wa bodaboda, wa duka, wa shamba. Gawaneni saa. Wewe usichukue saa ya mashine. Chukua ile ya chai au ya jioni. Msumeno ukiwa unazunguka utajua kwamba kuna mtu anakubeba, na sala ya kanisa haijakoma kwa sababu macho yako yako kwenye gogo. Mstari wa siku usome asubuhi mara moja, uuache ukae ndani yako. Jioni, kabla ya kulala, chukua dakika chache uipitie siku: wapi ulikuwa mvumilivu, wapi ulimkaripia mwenzako, wapi ulicheka. Mshukuru Mungu kwa moja, muombe radhi kwa moja, ulale.

Na kuhusu mkesha wa Ijumaa: usishike msumeno Jumamosi kama hukulala. Napenda mikesha, nimeongoza mingi, lakini mtu asiyelala ana mikono mizito na macho yanayochelewa. Omba ruhusa ya kupanga mbao Jumamosi badala ya kusukuma gogo, au ondoka mkeshani saa nne usiku, au ukeshe siku isiyofuatiwa na kazi. Mchungaji wako akikulaumu, mweleze kazi yako ilivyo. Nadhani hajawahi kusimama mbele ya dingdong.

Mwisho, kuna sehemu ya barua yako ambayo siwezi kuitibu kwa maandishi. Unarudia sala mpaka uridhike, mpaka unachelewa kazini, na unaogopa balaa usiporudia. Jaribu hivi kwa wiki mbili: omba asubuhi mara moja, sema amina, toka nje, hata kama moyo unakuambia haikutosha. Mwanzoni hofu itapanda. Iache ipande, usiijibu, kwa kawaida itashuka yenyewe. Kama inashuka siku hadi siku, endelea na utakuwa salama. Kama huwezi kabisa, ikiwa unarudi nyumbani kuanza upya, ikiwa kuna mawazo ya matusi au ya kutisha yanayokuingia wakati wa sala na unayafuta kwa sala nyingine, ikiwa usingizi umepotea au umeanza kuona afadhali usingekuwapo, hayo ni maradhi yanayojulikana na yanatibika. Waumini wacha Mungu sana wameyapata. Nenda hospitali ya mkoa Iringa, au hospitali ya rufaa Mbeya, uulizie kitengo cha afya ya akili, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ukifikiria kujidhuru, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii akusindikize hospitali iliyo karibu. Mtu akikuambia ni pepo tu na kwamba ukienda hospitali huna imani, mwambie Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu.

Pia mtafute mtu mzima mmoja wa imani unayemwamini, mzee wa kanisa au mchungaji wako, ukae naye uso kwa uso angalau mara moja kwa mwezi, umweleze unavyoendelea. Anayekufaa ni yule ambaye ukimwambia "nimesahau tena" hashtuki. Na yule mwenzako aliyenusurika na gogo, kama bado hujamwomba msamaha, mwombe Jumatatu kabla hamjawasha mashine.